Programu ya kufundisha kuandika kodi za kompyuta inayomfuata mwanafunzi ipo?

kijana_masasi: Wakuu habari za jioni, mdogo wangu anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa simu huku Masasi, akikwama kwenye lupu (amri za kurudiarudia) anachungulia jibu halafu kesho kashasahau, kuna programu inayojua yeye anakosea wapi?

mdau_lindi: Zipo mkuu na wazo lenyewe la siku nyingi, chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani walitengeneza ya kufundisha Lisp, lugha nyingine ya programu, miaka ya 1980, inafuata hatua kwa hatua, ukikosea inakustua palepale. Ila atafute inayotoa dokezo, ikimpa jibu zima hamna kitu.

fundi_kodi: Kabla ya kuendesha kodi aandike kwenye daftari anategemea itoe nini. Kwenye Python range(5) inahesabu kuanzia 0 na inaishia 4, hapo wengi tunateleza. Bando likikata aje tukae wote, mi nipo Masasi mjini