Mtoto kiziwi wa kijijini: bweni mjini Tabora au darasa la kawaida?

KazeYetu: Wakuu, Tabora tuna shule ya viziwi tangu 1963 kama sikosei, na shule ya Furaha kwa wasioona. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto asome shule ya kawaida, isipokuwa akihitaji mawasiliano maalumu. Kiziwi wa Urambo au Sikonge asome wapi? Mimi nasema bweni. Kijijini anakaa tu, mwalimu anaongea kageukia ubao.

Mwl_Uyui: "Anakaa tu"? Darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Lugha ya alama chuoni sikufundishwa. Njoo ufundishe wewe wiki moja.

KazeYetu: Mwalimu, andika kwanza, geuka, ndipo useme. Hilo nalo linasubiri bajeti?

BintiKasulu: Mnasema viziwi tu. Mdogo wangu ana ualbino. Hakuhitaji bweni, alihitaji kukaa mbele, mbali na mwanga wa dirishani, na maandishi makubwa. Akaitwa mvivu wa kunakili.

MzeeIgunga: Mnazunguka. Tatizo ni wazazi, wanaficha watoto ndani.

MamaWawili: Shikamoo mzee wangu, ila hapo umenichoma. Wangu nilimpeleka kuandikishwa, nikaambiwa nimrudishe akianza kuongea. Kiziwi huyo!

MzeeIgunga: Marahaba. Sikukusema wewe mama. Wanaoficha wapo, tunawajua.

BintiKasulu: Sisi tulimficha, ndiyo. Watu walikuwa wanakata watoto viungo! Unadhani shule ya Kabanga, huku Kasulu, ilijaa watoto wenye ualbino miaka ile kwa sababu gani? Usituhukumu.

Mwl_Uyui: Mama, mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumkataa mtoto.

MamaWawili: Anayo, hana, alimkataa.

KazeYetu: Turudi kwenye mada jamani. Bweni au kijijini?

MamaWawili: Bweni yupo sasa. Anasoma, ana marafiki, nashukuru. Lakini akija likizo ananieleza mambo kwa mikono na mimi simwelewi, nabaki kuitikia tu. Mzazi anafundishwa wapi lugha ya alama?

Mwl_Uyui: Walimu wa elimu maalumu wanasomea chuo cha ualimu Patandi, Arumeru, mkoani Arusha. Ni mbali mno na huku. Sisi tuliopo kazini watufuate wilayani, na wazazi waingie darasa hilohilo.

MzeeIgunga: Wazo zuri. Ila wanaoficha bado hamjanijibu.

BintiKasulu: Nimekujibu, mzee. Soma tena.