Kikundi cha familia: tangi la kwanza la Tunu

Tunu: Shikamooni wakubwa. Nimeamua, nataka kufuga samaki wa urembo. Tangi dogo la maji baridi (yasiyo ya chumvi), la kukaa mezani. [picha] Nimeona hili, lita 15, linakuja na filta, taa ya kubadilika rangi, kokoto za pinki na ngome ya plastiki. Mnasemaje?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Limependeza! Hiyo taa ya zambarau 😍

Juma: Ngome kubwa kuliko samaki mwenyewe 😂

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Hao samaki ni wa kula?

Tunu: Hapana Bibi, wa kutazama tu.

Bibi: Haya. Watazame.

Mjomba Salim: Marahaba. Tunu, usilipie hilo bado. Nikitoka kazini nitaandika vizuri.

Juma: Umemwamsha mtaalamu. Chukueni viti.

Mjomba Salim: Haya nimetulia. Tuanze na ukubwa. Watu hufikiri tangi dogo ni rahisi kulitunza kwa sababu ni dogo, kumbe ni kinyume. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua yake muda wote, na chakula kilichobaki kikioza kinatoa hiyohiyo. Amonia ni sumu kwake. Kwenye lita 15, chakula kidogo tu kilichozidi kinaweza kuharibu maji usiku mmoja. Kwenye tangi kubwa zaidi sumu ileile inasambaa, nawe unapata nafasi ya kugundua kabla samaki hajaanza kuhema juu juu. Joto nalo halipandi na kushuka ghafla.

Tunu: Kwa hiyo la ukubwa gani Mjomba?

Mjomba Salim: Kama nafasi ipo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hilo ni lita 54. Ni kipimo cha kawaida sana, kwa hiyo mfuniko na taa yake havisumbui kupata. Na usikubali yale marefu kwenda juu kama jagi. Hewa inaingia majini kupitia uso wa maji, na samaki wadogo wanaogelea kwa ubapa, hawapandi ngazi.

Mama Tunu: Kaka, lita 54 zikae kwenye meza ipi hapa kwangu?

Mjomba Salim: Swali la maana. Lita moja ya maji ni kilo moja. Weka na kioo na kokoto, unafika kilo 60 na zaidi. Ile meza yenu ya pembeni inayocheza mguu ifuteni kwenye mawazo. Inatakiwa iliyo imara na iliyo sawa kabisa, maana kioo kikibebwa upande mmoja kinaweza kupasuka. Tangi lisilo na fremu ya plastiki chini huwekewa kwanza mkeka mwembamba wa povu. Na lisikae dirishani: jua litapasha maji na kukuletea mwani.

Mama Tunu: Meza ya kabati la vitabu imara. Lakini vitabu vihame, sitaki maji kwenye vitabu.

Shangazi Rehema: Mimi nilidhani lile bakuli la duara na samaki mmoja wa dhahabu ndiyo rahisi kuliko yote. Kila mahali naliona.

Mjomba Salim: Unaliona kwenye picha dada Rehema. Samaki wa dhahabu wa kawaida akitunzwa vizuri anapita sentimita 20 na anaishi zaidi ya miaka 10. Anakula sana na kuchafua sana. Huyo ni wa bwawa. Bakuli halina pa kuweka filta wala mfuniko, na hao wanaoonekana humo wengi hawafikishi umri wao.

Shangazi Rehema: Masikini.

Juma: Na filta? Ile iliyo kwenye seti ya Tunu si inatosha?

Mjomba Salim: Hapa ndipo nataka Tunu asome mara mbili. Kazi kubwa ya filta si kuzoa uchafu unaoonekana. Ni nyumba ya bakteria. Kuna kundi linalogeuza amonia kuwa nitriti, wanaitwa Nitrosomonas, na kundi lingine, Nitrospira, linalogeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, inazuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Nitrati haina ukali huo, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaelei ovyo. Wananata kwenye sponji, kokoto na kuta, na wanahitaji maji yenye oksijeni yapite juu yao bila kukoma.

Mjomba Salim: Sasa angalia filta ya hizi seti. Nyingi zina kifuko cha pamba na mkaa, na maelekezo yanasema ukitupe kila mwezi ununue kingine. Ukikitupa umetupa na bakteria wako, kisha unashangaa samaki wanaugua. Biashara nzuri kwa muuza vifuko.

Juma: 😳 Kumbe.

Mjomba Salim: Kwa anayeanza mimi nasema filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Haina urembo, inatoa sauti ya bulubulu, lakini ni bei nafuu, haimfyonzi samaki mdogo, na sponji moja inadumu miaka. Ikijaa uchafu unaikamua ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini. Kamwe si chini ya bomba, klorini (dawa ya kuua vijidudu inayotiwa maji ya bomba) itaua bakteria uliowalea.

Tunu: Zile za kuning'inia ukutani mwa tangi je? Niliona moja haina kelele.

Mjomba Salim: Nzuri pia, mradi uweke sponji badala ya vile vifuko, na uchague inayozungusha maji yote ya tangi mara 4 au 5 kwa saa. Kwa lako ni kama lita 200 hadi 270 kwa saa. Zaidi ya hapo samaki mwenye mapezi marefu anasukumwasukumwa mpaka anachoka.

Juma: Upande wa umeme niachieni mimi. Tunu, pampu ya hewa ukiiweka chini ya usawa wa maji, siku umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwenye mpira hadi kwenye pampu na kumwagika sakafuni. Kuna vali ndogo inayopitisha hewa upande mmoja tu. Ni kitu kidogo mno, watu wanaisahau. Nunua. Na kila waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni, lisifuate waya hadi kwenye plagi.

Mama Tunu: Umeme ukikatika samaki wanakufa?

Mjomba Salim: Saa moja mbili hakuna neno. Ukiendelea, oksijeni inapungua, na bakteria kwenye sponji nao wanaanza kufa. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda sponji: pampu ndogo ya betri inaiendesha vilevile. Na wakati huo usiwalishe.

Tunu: Hita lazima?

Mjomba Salim: Inategemea chumba, na hilo unaweza kulijua bila kubahatisha. Nunua kipimajoto kabla ya hita. Jaza ndoo maji, iache chumbani siku kadhaa, soma alfajiri na jioni. Samaki wengi wa kitropiki wanataka nyuzi 24 hadi 26. Ndoo ikikaa humo mchana na usiku, pesa ya hita peleka kwenye kitu kingine. Ikishuka, chukua hita yenye kidhibiti joto, takriban wati 1 kwa lita, yaani wati 50 inakutosha. Wati 200 kwenye tangi dogo ikikwama imewaka, ni supu.

Bibi: Si mlisema si wa kula.

Juma: 😂😂😂

Shangazi Rehema: Bibi jamani 🤣

Juma: Jambo moja la hita: ichomoe kwenye umeme kabla ya kupunguza maji, isubiri ipoe. Ikiwaka nje ya maji kioo chake kinaweza kupasuka.

Shangazi Rehema: Na kokoto? Nina magamba mazuri ya baharini, nikuletee Tunu uyapange chini.

Mjomba Salim: Subiri dada. Magamba na matumbawe yana chokaa, yanayeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kupanda. Jiwe lolote unaloshuku, lidondoshee siki: likitoa mapovu, lina chokaa. Kuna samaki wanaoyapenda maji ya namna hiyo, kama wale wadogo wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus multifasciatus, ambao hawazidi sana sentimita 4 au 5 na wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Siku Tunu akiwataka hao, tutayarudia makombe. Kwa sasa kokoto za kawaida, laini, kina cha sentimita 3 hadi 5, zioshwe mpaka maji yatoke meupe. Bila sabuni.

Shangazi Rehema: Basi nitayaweka kwangu sebuleni.

Tunu: Taa?

Mjomba Salim: Yoyote ya LED, saa 6 hadi 8 kwa siku, iwe na kizimio cha muda ili usisahau. Rangi za disko hazina kazi. Mimea anza na anubiasi, inavumilia mwanga hafifu, unaifunga tu kwenye kipande cha mti ndani ya tangi. Usilizike shina lake kwenye kokoto, litaoza. Mfuniko usiache, samaki wanaruka.

Mama Tunu: Hivi vitu vinaongezeka tu. Tunu, umesema "tangi dogo la mezani".

Tunu: Mama mimi mwenyewe naogopa 😅 Mjomba, pesa haitoshi vyote. Nikate nini?

Mjomba Salim: Kata ngome, kokoto za rangi na taa ya kifahari. Tangi lenyewe tafuta lililotumika, ila lijaze maji likae siku mbili nje kabla ya kuliingiza ndani, uone kama linavuja. Usikate vitu viwili ambavyo haviko kwenye picha ya seti yoyote. Cha kwanza ni dawa ya kuondoa klorini. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakikaa wazi siku nzima, lakini mahali ambapo maji yanatiwa kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) haitoki hivyo, lazima dawa. Cha pili ni kipimo cha maji, cha matone kwenye vichupa kama unaweza. Vile vijiti vya karatasi ni vyepesi kutumia ila vingi havipimi amonia, na amonia ndiyo unayoitafuta.

Juma: Halafu akishapata vyote, samaki siku hiyohiyo?

Mjomba Salim: Hapana. Samaki ndio wa mwisho kununuliwa. Tangi linajazwa maji na filta inawashwa bila samaki, na kila siku unatia chembe ya chakula cha samaki kioze, kiwalishe bakteria. Unapima. Amonia inapanda, kisha nitriti inapanda, kisha zote mbili zinashuka hadi 0 na nitrati inaonekana. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6.

Tunu: Wiki SITA ninatazama maji??

Bibi: Ujauzito ni miezi tisa na tunangoja.

Juma: Kuna chupa za bakteria zinauzwa, si zinaharakisha?

Mjomba Salim: Zinaweza kusaidia, lakini chupa iseme itakavyo, kipimo cha maji ndicho kitakachoamua. Njia ninayoiamini ni sponji iliyokwisha kutumika kwenye tangi lenye samaki wazima. Langu lina sponji mbili, moja nitaikata nusu nikupe. Hiyo inaweza kupunguza muda sana. Bado utapima.

Tunu: Mjomba 🙏🏽🙏🏽 Na samaki gani nianze nao?

Mjomba Salim: Tutaona maji yenu yalivyo. Yakiwa magumu kiasi, gapi madume watano. Madume tu, maana jike mmoja aliyekwisha kupandwa anahifadhi mbegu na kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila dume. Au beta mmoja, dume asikae na dume mwenzake, wanauana. Huyo beta anaweza kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana watu wanamfungia kwenye kikombe na kumwona sawa. Naye anataka filta na joto kama wengine.

Shangazi Rehema: Chukua beta! Yule mwekundu mwenye mapezi kama buibui la harusi.

Tunu: Nampenda huyo. Basi beta, na filta ya sponji isiyomsukuma.

Juma: Na mrija wa kunyonyea maji, usisahau. Wenye mpira wa kubinya, usije ukavuta kwa mdomo.

Mjomba Salim: Ndiyo, robo ya maji kila wiki, mdomo wa mrija ukipita kwenye kokoto. Tunu, ukishaweka tangi, maji na pampu, nijulishe ndipo nikate sponji. Utaibeba ndani ya maji ya tangi langu, na usizunguke nayo kwa marafiki njiani. Ikifika, iingie tangini na pampu iwe imewaka.

Tunu: Nitakuja moja kwa moja Mjomba. Ndoo ya kubebea ninayo.

Mama Tunu: Ipi? Ile ya bluu ni yangu ya kufulia, ina sabuni. Nunua yako.