Vifurushi vinaibiwa mlangoni, nifanyeje?

Mchana nyumbani hakuna mtu, na msafirishaji huacha mzigo mlangoni. Sanduku la kufuli litasaidia?

— Litasaidia ukilifunga kwenye zege kwa boliti 4, ukizikaza kutokea ndani. Bila hivyo mwizi anabeba sanduku zima. Chagua lenye droo inayogeuka. Tundu la wazi linaingiza mkono, na mzigo unavuliwa kama samaki.

— Kamera pekee mara nyingi haizuii wizi, inarekodi kofia ya mwizi tu. Elekeza mzigo kituo cha kuchukulia chenye makabati, ukafungue kabati kwa namba ya siri. Angalia muda wa kuhifadhi, ukipita mzigo unarudishwa.

— Mzigo wa thamani, omba ukabidhiwe kwa sahihi. Ukiibiwa, anza na muuzaji, maana kwa kawaida ndiye aliyemlipa msafirishaji. Hifadhi picha ya ujumbe wa "umefikishwa" wenye saa.