Ng'ombe anazuia maziwa akiona ovaroli ya buluu, nifanyeje?

Mama wa Njoro

Hamjambo wafugaji wenzangu. Niko Njoro, upande wa barabara ya Mau Narok. Ng'ombe wangu wa kukamua ni mmoja tu, Frisiani, anaitwa Waridi. Zamani alikuwa akisikia ndoo ya alumini ikigonga mlango wa kibanda, maziwa yanaanza kudondoka kabla hata sijamgusa.

Mwezi uliopita aliugua kiwele, upande mmoja ukavimba na maziwa yakawa na mabonge. Daktari wa mifugo alikuja jioni kadhaa mfululizo, saa ya kukamua, akawa anamsukumia dawa ndani ya chuchu na kumdunga sindano shingoni. Alipona vizuri. Lakini sasa kijana anayenisaidia akiingia na ovaroli ya buluu kama ile ya daktari, Waridi anatoa macho, anarusha teke, na maziwa hayashuki. Mimi nikiingia na leso yangu anashusha, ingawa si kama zamani. Jana hata mwenye boda anayebeba maziwa alipita na jaketi ya buluu, akakatiza katikati ya kukamuliwa.

Jirani anasema ameweka kinyongo, nimuuze. Mwingine anasema nimdunge ile sindano ya kuteremsha maziwa kila asubuhi. Karo ya watoto inatoka kwake, sitaki kumuuza. Je, anaweza kufundishika tena?

Mkamuaji Molo

Pole mama. Hiyo sindano usimzoeshe. Nimekamua kwenye shamba ambako ilikuwa ya kila siku, ikafika mahali bila kudungwa ng'ombe hatoi kitu. Halafu si sindano hizo hizo zilizomtia hofu? Mwambie kijana avae nguo nyingine, mambo yaishe.

Mwalimu Mstaafu, Lanet

Mama, tafadhali usimuuze. Nimefundisha bayolojia miaka mingi na nafuga pia, na hili jambo naliona likiwatoa ng'ombe wazuri bomani bure. Hakuna kinyongo hapo. Waridi hachagui kukunyima maziwa.

Anza na ndoo. Chuchu zikiguswa, ubongo unaachilia homoni ya oksitosini, nayo inakamua maziwa kutoka ndani ya kiwele. Hilo amezaliwa nalo. Ndoo hakuzaliwa nayo. Lakini kwa kuwa kila siku ndoo ilisikika kwanza, kisha mkono ukafuata, mwili wake ukaanza kuitikia ndoo yenyewe. Mwanasayansi Ivan Pavlov aliliona jambo hili kwa mbwa kule Urusi. Alikuwa akichunguza umeng'enyaji wa chakula, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, akakuta mbwa wanatokwa na mate kabla chakula hakijafika, wakimsikia tu yule anayewalisha. Akaanza kuwapigia metronomu, kile kifaa kinachogonga kwa mapigo sawasawa, kabla ya kuwapa chakula. Baada ya kurudia rudia, mlio peke yake ukatosha kuwatoa mate.

Ovaroli ameifunza vivyo hivyo: buluu kwanza, maumivu yakafuata, tena palepale anapokamuliwa. Na mnyama hafungi hofu yake kwenye nguo moja tu. Chochote kinachofanana nayo kinaingia, ndiyo maana hata jaketi ya boda ilimtosha.

Kwa nini maziwa yanakatika? Akiogopa, mwili unamwaga adrenalini, homoni ya hofu, nayo inazuia kazi ya oksitosini. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Marekani, Ely na Petersen, waliwashtua ng'ombe kwa kupasua mifuko ya karatasi karibu nao, maziwa yakagoma kutoka ingawa yalikuwamo. Basi kumpigia kelele au kumfunga miguu kwa nguvu kunaongeza kile kile kinachozuia.

Ndugu yangu wa Molo, kuhusu sindano nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu kuvua ovaroli, hapana. Ukiificha, hofu inabaki ilivyo, na daktari atarudi siku moja.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimsaidia mtoto aliyeitwa Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Mtoto anakula chakula anachokipenda, sungura yuko mbali ndani ya kizimba, kisha anasogezwa kidogo kidogo. Mwishowe Peter akawa anamshika. Fanya hivyo hivyo. Nje ya saa za kukamua, tundika ovaroli kwenye ua, mbali kiasi kwamba anaiona lakini haachi kula. Aione KWANZA, kisha mpe unga wake. Siku nyingine isogeze. Akiacha kutafuna, umekwenda mbio, irudishe nyuma.

Na huo unga usimpe ovyo siku nzima. Mwanasaikolojia Robert Rescorla alionyesha mwaka 1968 kwamba ishara haifunzi kitu ikiwa kinachoifuata kinakuja vilevile hata isipokuwepo. Unga ukipatikana kila saa, ovaroli itamwambia nini?

Akitulia kisha siku moja arushe teke tena, usikate tamaa. Pavlov aliona itikio lililokwisha kuzimwa likirudi lenyewe baada ya mapumziko. Na baada ya mafuriko ya Septemba 1924 kule Leningrad, mji alikofanyia kazi, ambapo mbwa wake nusura wafe maji, kulikuwa na mbwa aliyekuwa amerudia hali yake. Maji kidogo yalipopitishwa chini ya mlango wa chumba, akavurugika upya. Hofu huwa inalala tu.

Daktari naye mwombe siku nyingine apite mikono mitupu, ampe unga kwa mkono wake. Akilazimika kutibu, iwe baada ya kukamua na mbali na kibanda, maana hata mahali panajifunzwa.

Mama wa Njoro

Asante sana Mwalimu, Mungu akubariki. Narudi na habari. Ovaroli sasa inaning'inia karibu kabisa na hori na Waridi anakula bila wasiwasi. Lakini jana kijana aliivaa, akachukua ndoo, akaingia: macho yakatoka tena. Ina maana haikushika?

Mwalimu Mstaafu, Lanet

Imeshika, mama, ila kwake ovaroli iliyotundikwa na ovaroli inayotembea ni vitu viwili. Hata daktari hakuja akiwa ametundikwa. Rudi mwanzo: kijana aivae, asimame mbali kule getini, Waridi amwone, wewe ndiye umpe unga. Akizoea, kijana asogee, na mwishoni yeye mwenyewe ndiye ampe. Ndoo isiwepo kabisa kwenye mazoezi haya. Hiyo ndiyo ishara nzuri uliyobaki nayo, na ikigonga huku ameogopa mtaiharibu. Jioni endelea kumkamua wewe na leso yako mpaka amruhusu kijana amsugue kiwele akiwa na ovaroli, bado anatafuna. Hapo ndipo ndoo iingie.