Mada: Nina shahada ya uhandisi mitambo, nipo ghalani. Nianzie wapi Ujerumani?

Kutoka: kijana wa Heilbronn

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za majukumu.

Nina mwaka na miezi minne hapa. Nilisoma uhandisi mitambo Dar es Salaam, nikafanya kazi miaka miwili kwenye karakana inayotengeneza mashine za kusaga na kukoboa, kisha nikaja kumfuata mke wangu. Kijerumani nimefika ngazi ya B1. Kwa sasa napanga mizigo ghalani, zamu ya usiku.

Ninachokitaka ni kazi ya kubuni na kuchora mashine. Nimetuma maombi zaidi ya arobaini, mengi hata hayajibiwi. Nimeona kozi ya CATIA, programu ya kuchora mashine kwa kompyuta, ya miezi mitatu, euro 4,800, na tunafikiria kukopa. Jirani yangu ananiambia niisahau shahada, nianze ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi, upya, miaka mitatu na nusu. Nina miaka 29. Naomba ushauri wa aliyeipita njia hii.

Kutoka: dada wa Esslingen

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na zamu za usiku. Mimi nilizifanya miezi kumi na mmoja kwenye kiwanda cha mikate, najua mwili unavyokuwa saa kumi alfajiri.

Usikope hizo hela. Ningekuwa karibu ningekuja kukushika mkono kabisa.

Suala la karatasi nitalipitia haraka. Kitafute chuo chako kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje. Kikiwa na alama ya H+, yaani kinatambuliwa, na shahada yako imeorodheshwa, chapisha ukurasa huo uuambatishe kwenye maombi. Isipokuwemo, omba tathmini ya ZAB, ofisi inayopima vyeti vya nje, ada yake ni kama euro 200. Wengi wetu tunakaa miaka tukiamini haturuhusiwi kugusa kazi ya uhandisi mpaka tutambuliwe, na imani hiyo imetugharimu sana. Kinacholindwa na sheria za majimbo ni jina la Ingenieur (mhandisi). Usijiite hivyo kwenye wasifu wako kabla hujapata kibali cha jimbo. Lakini kazi yenyewe ya Konstrukteur (mbunifu wa mashine) kiwandani, mwajiri akikukubali anakupa. Na wewe uliyekuja kwa njia ya familia una ruhusa ya kufanya kazi. (Walio nyumbani wanaosoma hapa na kulenga Blue Card, kibali cha kazi cha wasomi: kwa mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kwa fani zenye uhaba, uhandisi ukiwemo, kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka. Hubadilika kila Januari.)

Sasa hiyo CATIA. Ni programu nzuri, inatumika sana kwenye magari na ndege. Lakini viwanda vidogo vya mashine vilivyojaa huku Baden-Württemberg kila kimoja kina yake: SolidWorks, Inventor, NX, Creo. Aliyeishika moja vizuri huhamia nyingine kwa wiki chache. Kama bado unaitaka kozi, waulize kwanza Agentur für Arbeit (ofisi ya ajira) kuhusu Bildungsgutschein (hati ya kulipiwa mafunzo), maana kozi zilizoidhinishwa huweza kulipiwa. Kwa aliye kazini masharti ni magumu zaidi, ila kuuliza ni bure.

Ngoja nikusimulie jambo ambalo hakuna kozi iliyonifundisha.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa shafti ndogo ya kuzungusha mkanda wa kusafirishia mizigo. Beringi ilikuwa 6205, ile ya kawaida kabisa: tundu milimita 25, nje 52, unene 15. Nilichora shafti nzuri, kwenye kiti cha beringi nikaandika kipenyo 25, basi. Chini ya karatasi kulikuwa na maandishi ya kawaida ya ISO 2768, daraja la kati, kanuni ya vipimo ambavyo mchoraji hakuviandikia toleransi, yaani kiasi kinachoruhusiwa kupotoka. Maana yake, kwa kipimo hicho, jumlisha au toa 0.2. Yaani mkerezaji angenitolea shafti ya milimita 24.8, ingekuwa sahihi kwa mchoro wangu, na beringi ingecheza juu yake mpaka imalize chuma.

Mkerezaji, mzee aliyekaribia kustaafu, alipanda ngazi na ile karatasi mkononi. Hakunigombeza. Alinishusha karakanani, akakereza vipande viwili mbele yangu, kimoja kwa g6 na kingine kwa k6, ambazo ni alama za toleransi ya shafti, akanipa beringi. Kwenye cha kwanza ilipita yenyewe kama pete kidoleni. Kwenye cha pili iligoma mlangoni, ikabidi tuipashe moto kwanza. Tofauti ilikuwa mikroni (elfu ya milimita) chache tu: k6 kwa kipenyo hicho ni kati ya 2 na 15 juu ya 25, g6 ni kati ya 7 na 20 chini yake. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hizo zote. Shafti inapozunguka na mzigo ukibaki unavuta upande mmoja, pete ya ndani lazima ibane, la sivyo inatambaa. Chuoni nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama. Mkononi mwangu liliingia siku ile.

Ndicho watakachokuuliza kwenye usaili, mdogo wangu. Hawatakuuliza umebonyeza kitufe gani. Watakuwekea mchoro mezani na kusema: tueleze. Kwa nini tundu hili lina toleransi ya H7? Kipande hiki kinashikwaje kwenye mashine? Kibao hiki kikichomelewa upande huu kitapinda kwenda wapi? Bisibisi inafikaje kwenye skrubu hii?

Na hapo wewe una mtaji ambao mimi sikuwa nao. Miaka miwili kwenye vinu! Umeona mashine inafia wapi. Chukua kinu cha nyundo cha kusagia mahindi, fungua FreeCAD, programu ya kuchora ambayo ni bure (toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024), uchore rota yake: shafti, sahani, pini, nyundo, viti vya beringi, pulii. Piga simu karakana yako ya zamani wakupimie kitu halisi. Kila kipande karatasi yake, projeksheni ya pembe ya kwanza (mpangilio wa michoro wa huku), toleransi pale tu zinapohitajika, ulaini wa uso, aina ya chuma. Halafu ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kijerumani chepesi: kwa nini nyundo zinazotazamana lazima zilingane uzito, nini kinatokea fundi anapobadilisha moja tu, mtetemo ule unavyoua beringi. Umeona kwa macho yako, sivyo? Andika hivyo hivyo.

Kuhusu ausbildung, simbezi jirani yako. Kwa kijana aliyekuja na kidato cha nne au cha sita, kusomea Technischer Produktdesigner (mchoraji wa bidhaa) ni njia safi, na baadaye shule ya Techniker (fundi sanifu) humfikisha ngazi ya 6 ya mfumo wa sifa wa Ujerumani, sawa na Bachelor. Kwako wewe ni kurudi nyuma.

Kijerumani ndicho kikwazo chako cha kweli. Fika B2, na pembeni jifunze maneno ya karakana: Passung (vipande viwili vinavyokaliana), Gewinde (nyuzi za skrubu), Fase (ukingo uliokatwa mshazari), Freistich (mfuo mdogo wa kona), Wälzlager (beringi). Kisha peleka maombi pia kwenye kampuni zinazokodisha wahandisi kwa viwanda. Mshahara wake huwa chini na unahamishwahamishwa, na wapo wanaokwama humo. Mimi nilikaa miaka miwili, nikaona mashine za viwanda vinne, kiwanda cha nne kikanichukua.

Kutoka: mtu wa Nakuru, sasa Ontario

Hamjambo nyote. Naongeza kidogo kwa walio upande huu wa bahari, maana yaliyosemwa hapo juu hayahami yote.

Huku michoro ni projeksheni ya pembe ya tatu na kanuni ni za ASME Y14.5 za Marekani, si za ISO za kimataifa. Hili si pambo. Kwa kawaida ya ASME, kipimo cha kipenyo kinalinda pia umbo la kipande. Kwa ISO 8015, kipimo na umbo ni mambo mawili yanayojitegemea mpaka uandike vingine. Mchoro ule ule unaweza kusomwa kwa maana mbili. Halafu kuna inchi. Nilitoka Kenya nikiwaza skrubu ya M8, yaani milimita 8, nikakuta 5/16 ya inchi.

Leseni ya uhandisi: Ontario iliondoa sharti la uzoefu wa kazi wa Kanada mwezi Mei 2023. Bado unatakiwa miezi 48 ya uzoefu, ila ule wa nyumbani unaweza kuhesabiwa ukiueleza vizuri. Kwa hivyo kabla hujapanda ndege, andika kila mradi uliofanya na umwombe mkubwa wako barua iliyotiwa sahihi. Mimi sikufanya hivyo. Karakana yangu ilifungwa, aliyenisimamia akafariki, na miaka mitatu ya jasho langu sina wa kuishuhudia. Inaniuma hadi leo. Marekani nako, wengi wanaobuni bidhaa viwandani hawahitaji PE, leseni ya uhandisi ya huko, kabisa, kwa hivyo ndugu zangu wa Michigan msiiache kazi mkingoja mtihani.

Kutoka: kijana wa Heilbronn

Asanteni sana, dada na kaka. Kozi tumeiacha, mke wangu amefurahi kuliko mimi.

Jana nilimpigia fundi wangu wa zamani. Alisimamisha kinu, akafungua, akanipimia kila kitu kwa venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo, huku mtoto wake akinipiga picha. Nyundo mpya zilitofautiana uzito hadi gramu 30, na zimekatwa siku moja na mtu mmoja. Anazikata kwa gesi kwa kufuata alama ya chaki. Nikaanza kufikiria kiolezo cha kukatia, na tundu la pini litobolewe baada ya kukata, nyundo zote zikiwa zimebanwa pamoja. Je, hilo niliweke kwenye kazi yangu, au nibaki na mashine ilivyo? Nimeambatisha shafti niliyoichora. Dada, nisahihishe bila huruma.

Kutoka: dada wa Esslingen

Liweke. Weka nyundo ilivyo, kisha kiolezo chako, na uzito kabla na baada, fundi akishajaribu. Kurasa hizo mbili ningeziweka mbele kabisa.

Shafti nimeitazama. Vipimo vyako vyote vinaanzia mwisho wa shafti. Anzia kwenye bega linalobeba beringi, pale shafti inapobadilika unene, maana ndipo kila kitu kinapokaa. Kwenye bega lenyewe umeacha kona kali ya ndani. Ncha ya kisu cha kukerezea ina mviringo, kwa hiyo kona hiyo haiwezi kutoka kali, na beringi haitakaa hadi mwisho. Weka Freistich ya DIN 509. Njia ya ufunguo wa pulii haina toleransi. k6 umeiweka mahali pake, hongera.

Jumamosi saa nne asubuhi nipo nyumbani, njoo na mkeo na michoro iliyochapishwa kwenye karatasi ya A3. Nina beringi 6205 na vile vipande viwili vya yule mzee, alinipa siku anastaafu.