"Prof, mechi moja tu imenikata": nifundisheje hapa?

Prof wa Kadutu (Bukavu)
Wandugu, nafundisha hesabu mwaka wa nne sekondari. Kila Jumatatu vijana wanaingia na tiketi za pari mfukoni (unabashiri mechi kumi, ukikosa hata moja hulipwi), wimbo ni ule ule: "Prof, mechi moja tu imenikata." Kwao kukosa moja ni kuwa mlangoni pa ushindi. Franka zetu ni noti tupu, basi nikaazima sarafu za Rwanda kwa mama anayevuka Ruzizi kila siku. Kila mmoja arushe mara kumi, akitaja upande kwanza. Hakuna aliyepata kumi. Mmoja akapata tisa, akapanda juu ya benchi: "Mnaona?" Somo likanigeukia. Nifanyeje?

Mwalimu Lushi
Usimkalishe huyo, ndiye somo lenyewe. Kupata zote kumi ni njia 1 kati ya 1,024. Kukosa moja tu ni njia 10: ya kwanza, au ya pili, hadi ya kumi. Kwa hiyo kwa kila anayeshinda, kumi wanalia "mechi moja". Hawajakaribia kitu, tiketi ndivyo ilivyo.

Kisha waonyeshe malipo. Mabao zaidi ya 2.5 (yaani matatu kwenda juu) au chini, tuseme nafasi ni sawa: haki ingekuwa kulipa mara 2. Kampuni ya pari inaandika 1.85. Zidisha 1.85 kwa yenyewe, mechi kumi, utapata kama 470. Franka 1,000 yako inaleta 470,000, wakati hatari uliyobeba ni ya 1,024,000. (Hapo darasa langu lilinyamaza, kitu adimu.)

Motari Birere
Prof, mimi sarafu isingenishika. Ningekujibu mpira si sarafu, mimi najua timu. Miaka miwili nilichezea pari pesa ya mafuta ya moto (pikipiki) yangu. Kilichonishika ni daftari la bibi yangu: noti iliyotoka, noti iliyorudi. Mimi nilikuwa nakumbuka zilizorudi tu.

Prof wa Kadutu
Asanteni. Motari, anayeandika namba kwenye kampuni ya pari naye anajua timu, ndiyo maana timu kali analipa 1.20. Lakini daftari nalichukua.

Leo nimempa chaki yule wa tisa aandike njia zote kumi. Alipofika ya sita akasimama: "Prof, na za kukosa mbili?" Ni 45. Darasa likaangua kicheko, maana tiketi yake ya Jumapili ilikosa mbili.