Vipande vya blanketi la kufuma havilingani, niviunge vipi?

Binti_Chumbageni
Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa. Wanawake wa mtaani kwetu tumefuma kwa mkono vipande vya mraba tumuungie blanketi mwalimu wetu wa madrasa, anahamia Lushoto kwa mwanawe. Baridi ya Juni na Julai ya kule mnaijua. Tulikubaliana kila kipande kiwe sentimita 20, jumla 48: sita kwa upana, nane kwa urefu. Sasa kila mtu na mkono wake, wengine hukaza uzi, wengine hulegeza. Vingine vina 18, vingine vimefika 21. Nikiviunga hivihivi litavutika lifanye mawimbi. Na sitaki kumrudishia mtu kipande chake, kila mmoja kafuma kwa mapenzi.

Fundi_Ngamiani
Waalaykum salaam. Piga zigizaga ya cherehani, siku moja umemaliza.

Shangazi_Soni
Fundi wangu, hapo sikubaliani nawe. Mguu wa cherehani utavinyoosha vitanzi, mshono uwe mpana kuliko kipande chenyewe.
Marahaba mwanangu. Uzi ni sufu au akriliki? Choma kipisi. Sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake hupondeka vidoleni. Akriliki huyeyuka.

Binti_Chumbageni
Umeyeyuka, umeacha kidonge kigumu cheusi.

Shangazi_Soni
Basi kuloweka na kuvibana kwa pini hakutakusaidia sana, sufu ndiyo inayokubali hivyo. Na pasi usiigandamize kabisa, uzi utalala na hautainuka tena.
Shika kroshia, ile sindano yenye ndoano. Lenga vipande vyote viwe 22. Zungushia kila kimoja vishono vifupi, mzunguko mmoja unaongeza kama nusu sentimita kila upande. Kwa hiyo cha 21 mzunguko mmoja, cha 20 miwili, cha 18 minne. Pima kwa futi kamba, maana unene wa uzi unabadilisha hesabu. Kwenye kona weka vishono vitatu tundu moja, la sivyo kona itajikunja. Mzunguko wa mwisho hesabu vishono: kila upande idadi iwe ileile, mfano 32, kwa vipande vyote. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukishalinganisha idadi, kuunga ni kishono kwa kishono tu.

Mama_Raskazone
Shangazi kamaliza. Mimi naongeza: mizunguko yote iwe rangi moja, hata vipande vya rangi zinazogombana vitapatana. Nunua uzi wa kutosha kwa mara moja, ukirudi dukani rangi inaweza kutofautiana kidogo.
Kuunga, laza viwili ubavu kwa ubavu, sura juu. Sindano butu yenye tundu kubwa, chukua kitanzi cha nje cha huku na cha kule. Uzi uwe mara tatu ya urefu wa mshono. Usikaze, mshono uweze kunyooka na blanketi. Maliza safu zote za upana kwanza, ndipo uunge safu kwa safu. Panapokutana kona nne pitisha uzi mara mbili, hapo ndipo hufumuka kwanza. Ncha usifunge fundo, zifiche kwa nyuma ukienda na kurudi.

Binti_Chumbageni
Allah awalipe. Litakuwa 132 kwa 176, tena kubwa kuliko tulivyopanga. Uzi wa rangi ya maziwa nautafuta wapi hapa Tanga mjini?

Fundi_Ngamiani
Zungukia maduka ya vifaa vya ushonaji huku Ngamiani. Nenda na kipande kimoja mkononi, ulinganishe unene kabla hujalipa.